Bega la Fundi wa Makochi

Dada yangu ana mdomo uliojaa misumari. Simtukani, ndiyo kazi yake. Anapowamba kochi hujaza misumari midogo kwenye shavu moja, kama mtoto aliyeficha pipi, kisha huisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, kichwa cha msumari kikitangulia, akaunasa kwa nyundo yenye sumaku, na tap! umeshaingia kwenye mbao. Nyundo anaishika kwa mkono wa kushoto, maana ni mashoto, na mkono wa kulia ndio unaovuta kitambaa. Mimi niliwahi kujaribu hiyo kazi ya misumari mdomoni. Nikameza mmoja. Ulitoka salama, asante kwa kuuliza.

Watu wanamwita Bi Springi. Anafanyia kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yake: paa la bati, sponji zimening'inia ukutani kama mikate mikubwa, harufu ya gundi, na nyuzi ambazo zitakufuata mpaka kwako zimeng'ang'ania soksi. Kochi lililomshinda sijaliona. Kuna watu wamemletea vitu vilivyokuwa vimekaliwa na mbwa, watoto na mvua, akavirudisha vikiwa na heshima zake.

Katika banda hilo kuna meza ya kazi, na meza hiyo ina sheria moja. Kilicho juu yake ni cha leo. Vifungo vya mteja, uzi, mkanda, gundi, chochote kilichowekwa pale asubuhi lazima kiwe kimetumika jioni, meza ifutwe ibaki tupu. Cha kesho kinakaa rafuni. Shemeji yangu, yaani mume wake, aliwahi kusahau mkanda wake wa suruali mezani pale. Jioni aliukuta tumboni mwa kigoda, umeshikilia springi, na yeye akarudi ndani akiwa ameshika suruali kwa mkono. Ndiyo maana familia nzima tumejifunza: ukitaka dada atumie kitu, usimpigie kelele. Kiweke mezani.

Sasa nikuambie habari ya kiti cha mama.

Mama yetu ni mtu wa magoti mabovu na maneno mazima. Alikuwa anakaa kwa kaka yetu mkubwa, na kaka akahamishwa kikazi kwenda mbali, mahali ambapo mama hamjui hata muuza vocha. Kaka alikuwa tayari kwenda naye. Mama hakutaka. Lakini kwetu pia alikuwa na neno lake. Alishawahi kuja kwangu, akakaa kwenye kochi langu, na kochi langu ni zuri, lina siku zake tu, siku hiyo likamnywa mpaka mabega. Tulimtoa watu wawili, mmoja kwapa hili, mmoja lile. Aliposimama alijipangusa gauni akasema, "Mimi si gunia."

Basi dada alipomwomba aje akae kwake, mama akajibu kwa simu, sauti juu, sote tukisikia: "Nitakuja na mizigo yangu ndani ya gari. Nitakaa kwenye hicho kiti unachonisifia. Nikinyanyuka mwenyewe, mizigo inashuka. Nikishikwa hata na kidole, nageuza na gari hilo hilo, naenda na kaka yenu."

Na mama si mtu wa kutishia. Anasema kitu kama mtu anayesoma bei.

Dada akaanza kiti. Alikwisha kumpima mama siku nyingi, kwa ujanja, alipokuwa anamsaidia kuvaa viatu. Eti anafunga kamba za viatu, kumbe anapima muundi kwa uzi, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Kiti kikawa na urefu wa mama, si wa mtu mwingine. Mbele hakikuinama, nyuma hakikuzama. Mikono yake ilitangulia mbele zaidi ya viti vyote ulivyowahi kuona, ikaishia na kichwa cha mviringo kinachojaa kiganjani, ili anayenyanyuka awe na pa kujisukumia. Kitambaa alikinunua cha maua makubwa, kwa sababu mama hupenda maua yanayoonekana bila miwani.

Siri ya kiti cha namna hiyo iko chini, kwenye mikanda inayobeba springi. Ikilegea, kiti kinakuwa kochi langu. Dada alikuwa anaivuta kama mtu anayemtoa ng'ombe shimoni, mguu mmoja kwenye fremu, mwili wote nyuma. Kwenye mkanda wa mwisho kitu kikaachia. Si mkanda. Ni bega lake la kulia.

Alisema ilikuwa kama mtu amempiga mjeledi kwa ndani. Akamalizia kupigilia mkanda, maana ni mpumbavu wa kazi, akaenda kulala. Asubuhi mkono haukufika kichwani. Binti yake, mpwa wangu anayefanya kazi saluni, ndiye aliyemchana nywele.

Hapo ndipo sisi tulipoingia.

Kwanza shemeji. Shemeji ni mwalimu wa udereva, na kazi ya kukaa kiti cha abiria huku ukikanyaga breki ambayo haipo imemvunja mgongo. Ana vidonge vyake vya diklofenaki ambavyo anavipenda kama watoto. Kabla ya kwenda kazini akapita bandani akaweka pakiti mezani.

"Mke wangu, hivi ndivyo vyenyewe. Mgongo wangu ungekuwa na mdomo ungekusimulia. Sawa?"

Dada alikuwa na misumari mdomoni. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Akaja mpwa. Yeye mwezi ukimbana hutumia ibuprofeni, na haamini kingine duniani. "Mama, meza hivi baada ya kula, za baba achana nazo hata akikupa, zile ni za wazee. Umenisikia?"

Dada akatikisa kichwa.

Nikaja mimi. Sasa, mimi shule niliachana nayo kidato cha pili, mimi na mwalimu wa hesabu tulikuwa tumechokana. Lakini kwenye dawa usinichezee. Nimeendesha gari la kusambaza dawa madukani mpaka nywele zikaniacha. Nimebeba dawa nyingi kuliko daktari yeyote aliyewahi kuziandika. Na nyumbani nilikuwa na kapsuli zangu zilizobaki nilipopasuliwa ngiri, tramadoli, ambazo hospitalini waliniwekea kwenye mfuko wa peke yake, kwa adabu. Nikasema dawa anayopewa mtu aliyefunguliwa tumbo haiwezi kushindwa na bega. Nikaziweka mezani.

"Dada, hawa wengine wanakupa pipi. Hizi ndizo dawa. Moja asubuhi, moja jioni, utakuja kunishukuru."

Akatikisa kichwa kwangu pia, na nikaondoka nikipiga mluzi.

Lazima ujue kwamba mtu mwenye misumari mdomoni akitikisa kichwa anamaanisha nimekusikia, niache nifanye kazi. Hamaanishi kwamba amekubali. Lakini sisi tuliona tumekubaliwa, kila mmoja kivyake. Na dada wakati wa chakula alitema misumari, akatazama meza, akaona pakiti tatu. Vilivyo juu ya meza ni vya leo. Akameza kutoka pakiti zote tatu, zilizobaki akazitia mfuko wa aproni, na siku zilizofuata akaendelea hivyo hivyo.

Siku za kwanza alikuwa kama amekodi bega jipya. Alivuta, akashona, akaimba. Sisi watatu tukavimba vichwa. Shemeji alinipita barabarani akiwa na mwanafunzi kwenye usukani, akashusha kioo akapaza sauti, "Shemeji! Umemwona mke wangu? Diklofenaki hiyo!"

"Kaa na mgongo wako," nikamjibu. "Mwenye dawa unaongea naye hapa."

Mpwa alituambia wote wawili tuache kelele, kwamba mama yake anapona kwa mkono wa mwanawe. Tulibishana hivyo, kila mtu akitetea dawa yake kama timu ya mpira, na hakuna aliyemuuliza mgonjwa amemeza ipi. Tungeuliza vipi? Kila mtu alikuwa na hakika.

Kisha mchana mmoja nikapita bandani. Kiti kimeshavikwa. Dada amesimama mbele yake, nyundo imening'inia mkononi, anakitazama. Kilikuwa kizuri, jamani. Kimekaa kama mtu wa heshima. Nikataka kusifu, nikatazama tena.

"Bi Springi," nikasema, "maua yanaangalia wapi?"

Akakitazama. Kiti kizima, mgongo, kikalio, mikono, maua yote yalikuwa yamesimamia vichwa, yanachungulia sakafu. Dada yangu, ambaye hata akishona mto wa kuegemea anahesabu majani, alikuwa amekata na kuwamba kiti cha mama juu chini bila kuona.

Alitema misumari kwenye kiganja. Akakaa chini sakafuni, kwenye manyoya ya sponji.

"Kaka, kichwa kinazunguka tangu jana," akasema. "Na tumbo linaniwaka moto. Hapa." Akaonyesha chini ya kifua.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama anakuja Jumamosi."

Sikusubiri. Nilimpeleka kwenye duka la dawa la barabara kuu, ambako nilishusha maboksi miaka mingi. Sasa linaendeshwa na binti wa mwenye duka wa zamani. Nilimjua akiwa analala chini ya kaunta ndani ya boksi la pamba, leo amesomea, amevaa koti jeupe, ananiita anko na hanipi punguzo.

"Shikamoo anko. Nani mgonjwa?"

"Marahaba. Huyu. Bega. Nimeshampa dawa, ila tumbo linasumbua, mpe kitu cha tumbo twende."

"Bibi fundi, karibu kiti." Akamgeukia dada kana kwamba mimi ni boksi. "Unatumia dawa gani?"

"Zilizokuwa mezani," dada akasema. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akazitoa. Zote tatu.

Kwa mara ya kwanza nikaziona pamoja.

Binti akazipanga kwenye kaunta. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Unameza hizi zote? Siku moja?"

"Wamenipa wangu," dada akasema. "Hii mume wangu, hii mwanangu, hii kaka."

"Sawa. Kwanza niambie ukweli. Choo kimekuwa cheusi kama lami? Umetapika damu, au kitu kama kahawa?"

"Hapana. Moto tu."

"Afadhali. Ukiona hivyo hata saa nane usiku, usije kwangu, nenda hospitali moja kwa moja. Na hata bila hivyo, leo hii unaonwa na daktari kituoni, nitakuandikia kila ulichomeza." Akagusa pakiti mbili. "Hii ya mume wako na hii ya binti yako ni ndugu wa baba mmoja. Zote zinatuliza maumivu na uvimbe kwa njia ile ile. Moja inatosha, tena kwa siku chache, baada ya kula, kwa mtu ambaye tumbo, figo na presha yake viko salama. Ukimeza zote mbili, nafuu haiongezeki maradufu. Kinachoongezeka ni madhara. Huo moto ndio huo."

"Na hizi?" nikauliza, nikisonga mbele, maana nilijua kapsuli zangu hazina undugu na mtu.

"Hizi zilikuwa za nani?"

Nikatazama rafu ya dawa za meno. Zilikuwa za aina nyingi sana, sikuwahi kugundua.

"Anko."

"Za ngiri," nikasema.

"Anko, watu wanadhani dawa inayolewesha ndiyo yenye nguvu. Kwa bega lililoshtuka au kifundo kilichotenguka, wakizipima na hizi za kawaida, hizi za kulewesha hazishindi. Zinachokupa zaidi ni kizunguzungu, kichefuchefu, na wengine zinawanata wasiweze kuziacha. Ndiyo maana zinaandikwa na daktari, kwa jina la mtu, na zikibaki zinarudishwa hapa. Hagawiwi dada."

"Maua," dada akasema polepole, kama mtu aliyeamka. "Kumbe ndiyo maana ya maua."

Binti hakuelewa, lakini mimi nilielewa, nikarudi kwenye dawa za meno.

Daktari wa kituoni alimpima. Bega halikuchomoka, ni msuli umevutwa. Tumbo limechubuka, halijatoboka. Akampa dawa ya kulinda tumbo, akapiga marufuku vidonge vyetu vyote vitatu, akasema mkono usivute kitu na usipande juu ya bega kwa sasa, ila usifungwe kama maiti, usogezwesogezwe taratibu. Maumivu yakizidi, paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, maana hiyo haina ugomvi na tumbo, ugomvi wake ni na ini ukiipitisha kipimo. Na dawa kuu, akaandika, ni jeli ya kupaka.

Tuliporudi dukani na hiyo karatasi nilishindwa kuvumilia.

"Jeli? Binti yangu, mimi nimebeba jeli. Boksi zima unalibeba kwa kidole kama mkate. Hiyo dawa gani?"

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Anko, uzito wa boksi si nguvu ya dawa. Hii ni hiyo hiyo diklofenaki ya shemeji yako, ila inapakwa. Inaingia pale pale panapouma, na inayofika kwenye damu ni kidogo, ndiyo maana tumbo halipati taabu. Kwa maumivu mapya kama haya, bega, goti, kifundo, ndiyo inayoanza kupewa siku hizi. Haishindwi na kidonge, na madhara yake ni machache."

"Basi shemeji naye aache vidonge, apake mgongo?"

"Mgongo wa siku nyingi ni habari nyingine, mwambie aje mwenyewe. Bibi fundi, usipake penye kidonda, nawa mikono ukimaliza, na usimeze ndugu zake juu yake."

"Kunawa ni lazima," dada akasema. "Kitambaa kitashika mafuta."

Tumbo linawaka, kichwa kinazunguka, na yeye anawaza kitambaa. Huyo ndiye dada yangu.

Jioni tulikaa sebuleni, sote. Dada hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni, na ndipo nilipojua kwa nini Mungu aliumba misumari. Alianza na mume wake, akaja kwa binti yake, mimi akanihifadhi mwisho kama nyama.

"Kwani sheria ya meza mnaijua au hamuijui?"

"Tunaijua," tukasema.

"Mliweka dawa za nini pale basi, watu watatu?"

"Mimi nilimwambia asinywe za baba!" mpwa akalia.

"Na mimi ningejua vipi kuna za mtoto?" shemeji akasema. "Na huyu naye na kapsuli za ngiri! Ngiri, mwanadamu wewe!"

"Zilikuwa na adabu zake," nikasema.

"Mama," mpwa akasema kwa sauti ndogo, "si ungekataa mbili."

Dada akasema, na hakuwa mkali tena, "Ningemrudishia nani? Baba yako alitembea nazo mkononi. Wewe ulinipimia na maji kwenye glasi. Huyu mjomba wako alizitoa kwenye dawa zake mwenyewe. Kila mmoja aliniangalia machoni. Niwaambie nini, ya kwako naitaka, ya kwako siitaki?" Akafuta macho kwa mkono wa kushoto. "Kiti hakiwezi kuwa tayari. Nampigia mama simu. Aende tu na kaka."

Shemeji akatazama viganja vyake. Nami nikatazama vyangu, ambavyo ni vikubwa, vizuri, vilivyobeba dawa za mji mzima.

"Simu weka chini," nikasema. "Sisi tutavuta. Wewe utasema."

"Nyie?"

"Sisi."

Dada hajawahi kumruhusu mtu avute kitambaa chake. Wafanyakazi wawili walishamkimbia kwa sababu hiyo. Alitutazama kama mtu anayekabidhi mtoto kwa walevi. Lakini simu akaiweka chini.

Kesho yake tukang'oa maua yaliyosimamia vichwa. Kitambaa kilikuwa kimetobolewa misumari pande zote, kwa hiyo alikata upya kwa mkono wa kushoto, na kilichobaki hakikutosha mgongo wa nyuma. Nyuma ya kiti ikavaa kitambaa cha rangi moja kutoka kwenye mabaki. Alikuwa anaguna kila akikitazama.

Kazi hiyo usiidharau. Unashika pindo, unavuta mpaka nyuzi zinyooke, zisipinde upande, na unashikilia hapo mpaka mwenzako apigilie. Mimi nikavuta. Sijawahi kuvuta kitu kikakaa vile.

"Umenyonga," dada akasema, amekaa juu ya mto wa sponji, bega limepakwa jeli, mkono umelala pajani.

"Wapi?"

"Nyuzi zinaenda kwa jirani. Fungua."

Nikafungua, nikavuta upya. Akanyanyuka, akapitisha kiganja juu ya kitambaa kama anayempapasa mtoto mwenye homa. "Fungua."

"Dada, hapo pamekaa!"

"Pamekaa kwako. Mama ana kalio lake. Fungua."

Shemeji akachukua nafasi yangu, naye hana namna nyingine ya kusema isipokuwa ile ya kazini. "Polepole, polepole, kushoto kidogo, shikilia, usiachie ghafla..." Mpwa akamwambia, "Baba, hili halina breki," tukacheka mpaka msumari ukaanguka. Mpwa ndiye aliyepigilia, misumari mdomoni, na akaitoa kwa ulimi vizuri tu tangu siku ya kwanza. Mtoto wa nyoka huyo. Nilimtazama kwa kijicho. Mama yake alimtazama muda mrefu, akasahau hata kunitukana.

Asubuhi na jioni mpwa alimpaka jeli bega zima, kutoka shingoni hadi mkononi, na vidole vikafuata mishipa. Tumbo likapoa kwanza. Kisha bega likaanza kulegea. Nilimkuta Alhamisi anajichana mwenyewe mbele ya kioo, polepole, kitana kimefika utosini.

"Usiseme neno," akaniambia kupitia kioo.

"Nilikuwa nasema tu kwamba boksi lake jepesi."

"Kaka."

"Nimenyamaza."

Jumamosi gari la kaka likaja. Dereva aliyetumwa akazima injini, mama akashuka kwa fimbo yake, mizigo ikabaki nyuma ya gari, imefunikwa turubai. Alikataa mkono wa kila mtu mlangoni. Akaingia sebuleni. Kiti kiko dirishani.

Alikizunguka. Akagusa kile kitambaa cha nyuma kisichofanana. Akageuka, akashuka taratibu, akakaa. Kiti hakikutoa hata mlio.

Tukasubiri. Nikwambie, nimewahi kusubiri majibu ya mtihani, nimewahi kusubiri nje ya chumba cha kujifungulia, sijawahi kusubiri namna hiyo. Mama akaegemea. Akaweka viganja kwenye vile vichwa vya mviringo, akavizungusha kidogo, akaviacha.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Nimekaa."

Hakunyanyuka. Akaomba maji. Akauliza habari za saluni. Akamwambia shemeji amekonda. Dereva akachungulia mlangoni, akarudi kwenye gari. Dada alikuwa amesimama karibu na meza, uso umekauka, na alipoona glasi ya mama imeisha akaiendea, akanyoosha mkono wa kulia, kwa adabu, kuitwaa kwenye stuli, na bega likamkumbusha. Akajikunja kidogo, kidogo sana, akabadilisha mkono.

Mimi sikuona. Shemeji hakuona. Mama aliona.

"Bega lina nini?"

"Hamna kitu, mama."

"Nimekuuliza bega lina nini!" Na mama akashika mikono ya kiti, akasukuma, akasimama, na akiwa wima alishapiga hatua mbili bila fimbo kumfikia dada na kumshika bega juu na chini kama anayetafuta mfupa. "Hapa? Hapa? Tangu lini? Na nani amekuacha ubebe glasi?"

Mpwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Dada alikuwa anatazama kiti kitupu kwa juu ya bega la mama, na machozi yanamtoka, na mama akadhani ni maumivu.

"Kaa," mama akamwamuru, akamkalisha kwenye kile kiti. "Mna dawa gani humu ndani?"

"Jeli, bibi," mpwa akasema, akaikimbilia.

"Lete."

Akajipaka kiganjani, akaanza kumchua dada taratibu, amesimama mwenyewe, mkono mmoja umeegemea mgongo wa kiti kwa ile sehemu ya rangi nyingine. Kisha akageuza kichwa akaniona nimesimama mlangoni kama sanamu.

"Na wewe unangoja nini? Mwambie dereva ashushe mizigo. Godoro langu lisiguse chini."

Nikatoka. Dereva alikuwa ameshika ufunguo, yuko tayari kuwasha. Nikafungua turubai mwenyewe, nikalitwaa godoro, nikalibeba kichwani peke yangu, umri huu, bila msaada wa mtu, na hakuna aliyekuja dirishani kuniona.